Kariakoo haikupoteza maadili, ilipoteza uani

Mwaka 2025 Serikali ilizindua utaratibu wa kufanya biashara saa 24 Kariakoo, Dar es Salaam, lakini kwa sisi tuliokulia pale mazungumzo yaliyofuata hayakuwa ya biashara. Yalikuwa ya utoto. Kwenye makundi ya WhatsApp ya watoto wa mjini zilianza kuzunguka tena zile picha tunazozijua: nyumba ya bati yenye kibaraza, wazee kwenye bao, watoto pekupeku wanaokimbiza mpira wa makaratasi, mtaa usio na gari hata moja. Maelezo ya chini ya picha hayabadiliki. Zamani mtoto wa mwenzio alikuwa wako. Ukikosea mtaa wa pili unachapwa hukohuko, na habari zikifika nyumbani unachapwa tena. Jirani akipika, hakuna aliyelala njaa. Baada ya hapo linakuja hitimisho kwamba maadili yameporomoka, watu wamekuwa wabinafsi, simu zimetuharibia watoto. Kumbukumbu zenyewe nazikubali, kwa sababu nami ninazo. Hitimisho silikubali, na nadhani linatufanya tukose kuona jambo ambalo bado tunaweza kulizuia kwingine.

Hoja yangu ni kwamba ujirani tunaoulilia ulizaliwa na nyumba za aina fulani, zilizosimama juu ya ardhi ambayo haikuwa na thamani kubwa sokoni, katika kipindi ambacho siasa za nchi ziliibana biashara ya kupangisha. Vitu hivyo viliondolewa kimoja baada ya kingine kwa maamuzi ya watu, kwenye ofisi za mipango miji, kwenye vikao vya mirathi na mbele ya madalali, na ujirani ukaondoka navyo. Anayesema tatizo ni tabia anawabebesha watoto wa leo lawama ya mikataba iliyosainiwa na wazazi na babu zao.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana humo ndimo siri ilimo. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na mpango ambao yeyote aliyelala humo anaweza kuuchora gizani: kibaraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaokwenda mpaka nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kila chumba na familia yake, kisha mlango wa kutokea uani. Uani kulikuwa na jiko, choo, bafu, bomba kama lipo, na mara nyingi banda lenye vyumba vingine vya kupangisha. Katika nyumba kama hiyo huwezi kwenda chooni bila kupita mlango wa jirani. Huwezi kupika bila kuonekana unapika nini, na siku usipopika unaonekana vilevile. Mgeni akiingia ukumbini amekutana na nusu ya wapangaji kabla hajabisha hodi kwako. Kwa hiyo sahani ya wali iliyovuka kutoka chumba hiki kwenda kile haikuhitaji mtakatifu wa kuipeleka. Aibu ya kula peke yako mbele ya mtoto wa jirani aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko lako ilitosha, na aibu hiyo ilikuwepo kwa sababu jiko lilikuwa uani.

Katika nyumba niliyokulia, mtaa wa Narung'ombe, bomba lilikuwa moja, na mwenye nyumba, bibi tuliyemwita Mama Mkubwa, alilifunga kwa kufuli. Lilifunguliwa alfajiri na tena alasiri. Saa hizo ndoo zilipangwa kutoka bombani mpaka kwenye mlango wa ukumbi, kila moja na alama yake: hii imefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono, ile imepigwa mstari wa rangi, nyingine ina kiraka cha plastiki ya kuyeyushwa kwa kisu cha moto. Maji yalitoka kidogokidogo. Akina mama wakakaa juu ya mbuzi za kukunia nazi na kwenye ndoo zilizopinduliwa, wakachambua mchele, wakamenya mihogo, wakasukana nywele. Mtoto aliyekohoa vibaya alijulikana pale kabla baba yake hajarudi kazini. Aliyerudi shule mapema aliulizwa kwa nini. Hakuna aliyewapangia akina mama wale zamu ya kulea. Walikuwepo kwa sababu ndoo zilikuwa hazijajaa.

Kibaraza nacho kilikuwa na kazi yake, na nayo haikuwa ndogo. Kilikuwa mali ya mwenye nyumba lakini hakuna aliyezuiwa kukaa. Jioni kilibeba kahawa chungu, kashata, drafti, habari za misiba na ubishi wa mpira. Tunapenda kusema Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936 kana kwamba ni historia ya viwanja vya mpira tu. Klabu zote mbili ni za mitaa hii, na mpaka leo majengo yao yapo Jangwani na Msimbazi, umbali ambao mtu mzima anautembea bila kutokwa jasho. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa 1929 kilikuwa na jengo lake New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, na hapohapo ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Vyama vya kuzikana, vikundi vya ngoma, klabu za mpira na chama kilicholeta uhuru vyote vilihitaji mahali ambapo watu wasio ndugu wanaweza kukaa kila siku bila kununua kitu na bila kuomba ruhusa. Kariakoo ilikuwa na mahali hapo mbele ya kila mlango.

Mpango huu haukutoka kwa mtu aliyetupenda. Wajerumani ndio waliochora mitaa ile iliyonyooka kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakitaka Waafrika wakae upande wao. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, na jina la kikosi hicho, Carrier Corps, likageuka midomoni mwa watu likawa Kariakoo. Baadaye wakaendeleza mgawanyo uleule: Wazungu baharini, Wahindi katikati, Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi makusudi ili utenganishe. Ubaguzi ndio uliotuweka pamoja katika eneo lile dogo. Mtu anayeikumbuka Kariakoo kwa mapenzi anapaswa kulibeba na hilo, na mimi nalibeba. Watu walioswagwa pale waliitengeneza dhiki ile ikawa mji, na sifa ya kazi hiyo ni yao.

Kwa nini hali hiyo ilidumu hata baada ya uhuru? Kwa sababu kwa miaka mingi hapakuwa na faida kubwa ya kuibomoa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwenye mtaji akajifunza kwamba ghorofa ni hatari. Nyumba ya udongo na bati ya vyumba sita ilikuwa chini ya kiwango hicho. Mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke mjane au aliyeachika, aliishi chumba kimojawapo, akala kodi ya vile vitano, na akafa humo. Wapangaji nao walikaa miaka mingi, wengine wakaoza mabinti zao kutoka chumba kilekile walichopanga wakiwa maharusi. Ujirani unahitaji muda wa kukaa, na siasa za wakati ule, kwa kukusudia au kwa kutokusudia, ziliutoa muda huo.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 na hasa chini ya Rais Mwinyi, Mzee Rukhsa. Bidhaa zilizokuwa zimeadimika zikarudi, na nchi nzima ikaja kuzinunua Kariakoo. Sitaki mtu anielewe vibaya hapa: waliopanga foleni ya sabuni na unga wanajua kwa nini watu walishangilia. Ila bei ya ardhi ilibadilika, na nyumba zikaanza kuliwa kwa mpangilio ambao kila mzaliwa wa pale aliuona kwa macho. Kibaraza ndicho kilichotangulia. Mrithi aliambiwa kwamba ukuta wa mbele ukikatwa fremu tatu za maduka, kodi ya fremu hizo inaizidi kodi ya nyumba nzima, na juu yake kuna kilemba, fedha anayotoa mpangaji ili apewe fremu. Kibaraza kikawa duka. Kisha vyumba vikawa stoo, kwa sababu marobota ya nguo hayadai choo wala hayagombani. Kisha uani ukaezekwa bati ukawa ghala. Mwisho akaja mtu wa ubia, mwenye fedha anayejenga kwenye kiwanja cha familia kisha wakagawana ghorofa, akabomoa kilichobaki, akapandisha ghorofa kutoka mpaka hadi mpaka wa kiwanja. Ghorofa chache zikawa za familia, nyingine za mwekezaji, na wapangaji wakachukua magodoro yao wakaelekea Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na kwingineko, kila mmoja kivyake. Hakuna aliyeamka siku moja akaamua kuwa mbinafsi.

Sasa nizipime hoja za upande wa pili, maana zipo zenye uzito. Ya kwanza inasema kumbukumbu hizi ni za watu walioondoka. Nyumba zile zilivuja, choo kimoja kilihudumia watu wengi kupita kiasi, na katika mji wa namna hiyo ndimo kipindupindu hupata njia. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilitukumbusha bei ya maji ya shida na vyoo vya kuchangia. Tena, jiji hili mwaka 1967 lilikuwa na watu kama 273,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Huwezi kuuacha moyo wa jiji la ukubwa huo ubaki nyumba za chini za vyumba sita, halafu ulalamike kwamba watu wanapanda magari mawili kufika kazini. Hoja hii naikubali yote. Ghorofa zilikuwa lazima zije.

Ya pili ni nzito zaidi na husemwa mara chache. Inauliza nani alikuwa analipa gharama ya ule ulezi wa pamoja. Walilipa wanawake. Yale macho ya uani yalikuwa ya mama zetu na dada zetu waliofungwa na maji, moto na mchele kutwa nzima, wengi wao bila shilingi ya kwao. Macho hayohayo yalimlinda mtoto, na yalimhukumu pia binti aliyechelewa kurudi, mke asiyezaa na mpangaji aliyekwama kodi. Nimeona kitanda cha familia kimetolewa ukumbini asubuhi, watu wanakipita wakielekea chooni, na hakuna aliyesema neno kwa mwenye nyumba. Picha za kibaraza hazionyeshi hayo. Mtu akiniambia anataka maisha ya zamani yarudi kama yalivyokuwa, namwambia akamuulize kwanza mama yake kama na yeye anataka.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba simu na utandawazi ndivyo vilivyoua mtaa. Kama ingekuwa kweli, mtaa ungekuwa umekufa kila palipo na simu. Nenda Tandale, Keko, Manzese au Buguruni jioni. Simu zipo mikononi mwa kila mtu, na watoto bado wanacheza kombolela na rede vichochoroni, wanawake bado wanakopeshana chumvi, msiba ukitokea turubai linafungwa kabla ndugu wa mbali hawajapigiwa. Kizazi ni kilekile na simu ni zilezile. Kilichobaki huko ni nyumba za vyumba, uani na vijia vya kupita watu. Sasa nenda Masaki na Oysterbay. Huko watoto walikulia nyuma ya ukuta na mlinzi getini miaka mingi kabla simu ya mkononi haijaingia nchini, na hakuna aliyesema wamekosa maadili, kwa sababu ukuta wa mwenye nacho huitwa utulivu. Mtoto wa ghorofani Kariakoo amekaa na simu kwa kuwa mlango wake unafungukia ngazi, ngazi zinafungukia stoo, na stoo zinafungukia barabara yenye mikokoteni na bodaboda. Tumnyang'anye simu, halafu aende wapi?

Binamu wa hoja hiyo ni ile ya wageni, kwamba watu wa mikoani walikuja na fedha zao wakauharibu mji wa wenyewe. Inaniumiza kuisikia kutoka kwa watu niliokua nao. Soma vibao vya mitaa: Nyamwezi, Somali, Congo, Udoe, Mafia, Pemba. Mji wenyewe umepewa jina na wapagazi walioletwa kutoka kila upande wa nchi kwa ajili ya vita isiyo yao. Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi, Wangazija na wengine walikuja wakiwa wageni, na nyumba za vyumba zikawafanya majirani. Waliokuja miaka ya 1990 walikuta vyumba vimekuwa stoo. Mgeni anayelala Mbezi na kufungua duka Kariakoo asubuhi atakuwa jirani wa nani?

Ndiyo maana nasema biashara ya saa 24 haijaua chochote. Taa zimewashwa usiku mahali ambapo wakazi walishaondoka. Kuibishia ni kupoteza nguvu. Kinachonihangaisha ni mitaa inayofuata, kwa sababu njia iliyopitwa na Kariakoo sasa imeanza kupitwa kwingine. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Barabara ya Morogoro mwaka 2016, viwanja vya Magomeni na maeneo jirani vilitazamwa kwa jicho jipya. Ilala, Kinondoni na Temeke zina nyumba nyingi za aina ile ambazo waliozijenga wameshafariki, warithi ni wengi, na kuuza ndiyo njia rahisi ya kumaliza ugomvi. Fremu tayari zimeshakata vibaraza vingi. Tukiendelea kuhubiri maadili tutafika miaka ishirini ijayo tukiwa na picha mpya za Ilala za kulilia.

Je, ghorofa na ujirani vinaweza kukaa pamoja? Vinaweza, na hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Upanga kuna majengo ya zamani ya ghorofa yaliyojengwa kuzunguka ua, na watoto wengi wamejifunza baiskeli na kriketi humo huku wakiitwa kula kutoka dirishani. Magomeni Kota ni mfano mwingine wa kufundisha. Wapangaji wa zamani walivunjiwa nyumba, wakasubiri kwa machungu ya miaka, na hatimaye kaya 644 zikapangiwa kurudi palepale kwenye majengo mapya yaliyozinduliwa Machi 2022. Ubishi kuhusu bei na umiliki ulichukua nafasi kubwa kwenye habari, na ulistahili. Lakini jambo ambalo halikupewa uzito wake ni kwamba watu walirudishwa pamoja. Jirani wa zamani alimkuta jirani wa zamani kwenye ngazi. Kariakoo hakuna aliyefanyiwa hivyo, kwa sababu wapangaji wa chumba kimoja hawakuwa na jina kwenye karatasi yoyote, na ubia ulikuwa wa mwenye hati na mwenye fedha peke yao.

Hapo ndipo ninapotaka nguvu zetu ziende. Kibali cha ujenzi kinaweza kudai kwamba sehemu ya kiwanja ibaki wazi chini, iwe ya wakazi, isikodishwe kwa maegesho wala kwa meza za biashara. Kinaweza kudai korido pana inayopitisha hewa na watu wawili wenye ndoo, badala ya mfereji wa giza wa kufikia milango. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 tayari inatambua maeneo ya pamoja na umoja wa wamiliki, ila mpangaji hana sauti humo, na wapangaji ndio wengi, tena ndio wenye watoto wadogo. Wapewe kiti. Viwanja vya wazi vya mitaa navyo vibandikwe kwenye ramani ukutani mwa ofisi ya serikali ya mtaa, kila mwananchi avione na avihesabu, kwa sababu vingi vimepotea bila watu wa mtaa kujua kwamba vilikuwa vyao.

Najua atakayesema mita za mraba ni fedha, na mwekezaji hatajenga akiambiwa aache ua. Kwenye viwanja vyembamba vya katikati ya mji hoja hiyo ina ukweli, na huenda dawa ni kuruhusu ghorofa moja zaidi kwenda juu kwa anayeacha nafasi chini, au viwanja viwili vinavyopakana vichangie ua mmoja. Hayo ni mambo ya kukaa na wahandisi na kuyapiga hesabu. Ila maamuzi yenyewe hayako mbali na sisi. Watakaosaini mikataba ya ubia ya Ilala na Magomeni mwaka huu na mwakani ni watu wa rika langu, wajukuu wa wale kina Mama Mkubwa. Mkataba wa kawaida unaonyesha ghorofa ngapi za familia, ngapi za mwekezaji, kwa miaka mingapi. Kabla ya kuweka dole gumba au saini, wadai pia waonyeshwe mchoro wa ghorofa ya chini, wautandaze mezani mbele ya ndugu wote, na waulize watoto wa ghorofa ya nne watashukia wapi.